Kipoozeo na kesi ya kompyuta ya gemu kwa chumba cha bati: kisa cha Tanga

Kijana mmoja wa Tanga, mchana mhariri wa video za harusi na usiku mchezaji wa gemu, alikuwa tayari na sehemu kubwa ya kompyuta yake. Mjomba wake anayefanya kazi Muscat alikuwa ameshamletea prosesa (ubongo wa kompyuta) ya AMD Ryzen 7 7700X, mazabodi (bodi kuu) ya soketi AM5, yaani aina ya kikao cha prosesa, RAM (kumbukumbu) za DDR5 zenye taa, na kadi ya grafiki ya GeForce RTX 4070 yenye feni tatu. Pawasaplai ya wati 750 aliinunua mwenyewe Kariakoo. Vilibaki vitu viwili, kipoozeo cha prosesa na kesi, yaani sanduku la kompyuta, na hivyo alikuwa ameshavichagua. "Kaka, nataka uniangalizie tu kama vitaingia," aliniambia.

Alichochagua ni kipoozeo cha maji chenye rejeta ya milimita 360 na kioo kidogo juu ya pampu kinachoonyesha nyuzi za joto, pamoja na kesi ya vioo viwili, mbele na ubavuni, ile inayoonyesha kila kilichomo ndani. Vipimo vyake vilikuwa sahihi. Vingeingia. Lakini kuingia ni sehemu ndogo ya jambo hili, na kwa mtu wa pwani ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Nilimwomba anieleze chumba chake kwanza, kabla ya kuniambia zaidi kuhusu kompyuta.

Chumba ni kidogo, upande wa Raskazone, si mbali na bahari. Paa ni la bati na chini yake silingibodi. Dirisha ni moja, lina wavu wa mbu, na usiku hulifunga kwa sababu za usalama. Kiyoyozi hakuna, lipo pangaboi. Mama yake analala chumba cha pili, na ukuta kati yao ni mwembamba. Maelezo hayo mafupi yalinipa nusu ya jibu.

Kipoozeo hakiui joto, kinalihamisha tu. Kiwe cha hewa au cha maji, kiwe cha bei ndogo au cha bei ya kutisha, mwisho wa safari joto linakabidhiwa hewa ya chumbani, na hakuna kati ya vifaa hivi kinachoweza kuishusha prosesa chini ya joto la hewa hiyo. Ndiyo maana vipimo tunavyovisoma kutoka Ulaya na Marekani vinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Wapimaji wengi hufanya kazi kwenye vyumba vya nyuzi 21 hadi 25. Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, chumba cha bati Tanga kinaweza kuwa na nyuzi 32 saa tatu usiku, kwa sababu kuta na silingi bado zinatoa joto la mchana. Prosesa iliyosomeka nyuzi 70 mezani kwa mpimaji wa Ulaya, hapa utaisoma karibu na 80, kifaa kilekile, kazi ileile. Hizo nyuzi kumi ni nafasi ambayo mwenzetu anayo na sisi hatuna. Ni lazima tuzitafute kwingine.

Kwingine wapi? Hapo inabidi tuangalie joto lenyewe linatoka kwenye kifaa gani.

7700X imeandikwa wati 105, lakini kwenye soketi ya AM5 inaruhusiwa kuvuta mpaka wati 142. Kikomo chake cha joto ni nyuzi 95, na AMD walipoitoa familia hiyo mwaka 2022 walisema wazi kwamba kufika 95 kwenye kazi nzito ni jambo la kawaida kwake: prosesa hupandisha kasi mpaka iguse kikomo cha umeme au cha joto, kisha hujirekebisha yenyewe. RTX 4070 inavuta wati 200. Mazabodi, RAM, diski na hasara ya pawasaplai ni kama wati 50 nyingine.

Sasa tenganisha kazi zake mbili. Anaporenda video ya harusi, yaani kompyuta inapoitengeneza video ya mwisho, kori zote nane (sehemu za prosesa zinazofanya hesabu) zinafanya kazi na prosesa inakaribia wati zake 142. Anapocheza gemu mambo yanageuka: prosesa inavuta wati 70 au 80 tu, na kadi inavuta 200 zake zote. Kwa saa nyingi za usiku, basi, chanzo kikubwa cha joto ndani ya kesi ni kadi, na kipoozeo cha prosesa hakiigusi kabisa. Kadi ina feni zake tatu zinazozungusha hewa iliyopo ndani ya kesi. Hewa hiyo ikiwa imechoka, feni zinazungusha uchovu.

Kuna hesabu fupi ninayowafanyia wateja wote, nayo ni ya fizikia ya shule. Chukua wati zinazotoka ndani ya kesi, zigawe kwa 0.33, kisha gawa tena kwa mita za ujazo za hewa inayopita ndani ya kesi kwa saa. Jibu ni nyuzi ambazo hewa itapanda kati ya kuingia na kutoka. Kwa gemu tuseme wati 325. Kesi inayopitisha mita za ujazo 80 kwa saa itapandisha hewa kwa nyuzi 12 hivi. Inayopitisha 160 itaipandisha kwa nyuzi 6. Chumba kikiwa na 32, kwenye kesi ya kwanza kadi na prosesa vinafanya kazi ndani ya hewa inayokaribia 44, na kwenye ya pili ndani ya hewa ya 38. Hakuna kipoozeo unachoweza kununua kitakachokupa nyuzi hizo sita kwa prosesa na kwa kadi kwa wakati mmoja. Kesi inaweza.

Hapo ndipo nilipomwambia kijana kwamba amepanga kutumia pesa nyingi kwenye kipoozeo, ambacho ni cha pili, na kidogo kwenye kesi, ambayo ni ya kwanza. Hakupenda. Alikuwa ameshaionyesha picha ya kesi ile ya vioo kwa marafiki zake.

Nilimweleza kesi yake bila kuidharau, kwa sababu kuna kesi nzuri za aina hiyo. O11 Dynamic ya Lian Li, iliyotoka 2018 na kuigwa na karibu kila kiwanda, haina feni mbele, huko kuna kioo. Hewa inaingia kwa chini na ubavuni, inatoka kwa juu. Ukiijaza feni inapumua vizuri sana. Lakini inauzwa bila feni hata moja, na feni sita mpaka tisa za kuijaza ni gharama ya peke yake. Mtu anayenunua kesi ya namna hii kisha akaweka feni tatu za juu tu, zile za rejeta, amejenga sanduku la kioo linalonyonya hewa kupitia nyufa, pasipo chujio. Na nyufa za Raskazone zinaleta vumbi lenye chumvi.

Zile nyingine za bei nafuu zinazojaa madukani, zenye kioo kizima mbele na upenyo mwembamba pembeni mwa kioo, ndizo ninazoziogopa zaidi. Feni tatu zenye taa zinazunguka nyuma ya kioo na zinaonekana zinafanya kazi kubwa, ilhali kinachoingia ni kile kinachopenya kwenye upenyo. Watengenezaji wakubwa wenyewe walilitambua jambo hili. NZXT walitoa H510 mwaka 2019 ikiwa na bamba zima la chuma usoni, kisha 2021 wakaleta H510 Flow yenye uso wa matundu. Umbo ni lile lile, kilichobadilika ni uso.

Nyumba za zamani za pwani zilijengwa na madirisha yanayotazamana ili upepo uingie huku utokee kule, na kesi nzuri kwa mazingira yetu ni hiyohiyo: uso wa wavu mbele, tundu nyuma, na kati yao pasiwe na kizuizi.

Tukarudi kwenye kipoozeo cha maji. Watu wengi huamini kwamba maji ni baridi kuliko hewa. Ndani ya mfumo ule pampu inasukuma maji juu ya bamba la shaba lililokaa kwenye prosesa, maji yanabeba joto kupitia mipira mpaka kwenye rejeta, na feni za rejeta zinalimwaga hewani. Faida yake ya kweli ni mbili: rejeta ya 360 ina eneo kubwa la kumwagia joto, na maji yanachukua muda kupata moto, kwa hiyo kazi ya dakika chache haipandishi feni. Kwa prosesa kama Core i9-14900K, inayoruhusiwa wati 253, ningemwambia mtu anunue rejeta ya 360 na nisingesita.

Kwa 7700X hoja hiyo inapungua nguvu, na sababu yake iko ndani ya prosesa yenyewe. Kori zote nane zimebanwa kwenye kipande kimoja cha silikoni chenye eneo la milimita za mraba 70 hivi. Juu yake kuna kifuniko kinene cha chuma, ambacho AMD walikifanya kinene ili vipoozeo vya AM4, soketi iliyotangulia, viendelee kutumika kwenye AM5. Joto linakwama pale mwanzoni, kwenye kipande kidogo na kifuniko kinene, kabla halijafika kwenye kipoozeo. Ukiongeza ukubwa wa rejeta upande wa pili, unapata nyuzi chache tu. Ni kama kupanua barabara baada ya daraja jembamba.

Halafu kuna suala la mahali pa kuiweka rejeta. Ukiiweka juu, inanyonya hewa iliyokwisha kupashwa na kadi. Ukiiweka mbele, prosesa inapata hewa safi, lakini kadi ndiyo inayopokea hewa vuguvugu iliyopita kwenye rejeta, na kwa mchezaji wa gemu kadi ndiyo yenye kazi kubwa. Mtu mwenye chumba cha nyuzi 22 anaweza kuchagua lolote kati ya hayo na asione tofauti ya maana. Mwenye 32 anaiona.

La mwisho kuhusu maji ni la matunzo. Pampu ni kifaa kinachozunguka, na siku ikisimama kipoozeo chote kimekufa. Maji nayo hupungua polepole kwa kupenya kwenye mipira kwa miaka, na joto huharakisha. Waranti za vifaa hivi mara nyingi ni miaka mitano au sita, waranti nzuri kabisa kwa mtu anayeishi karibu na aliyemuuzia. Yetu ingekuwa ya duka la Muscat. Kumrudishia mjomba kifaa ili akirudishe dukani, asubiri, kisha atafute msafiri wa kukileta, ni miezi bila kompyuta, na kijana huyu anakula kwa kompyuta hiyo. Bwana harusi hasubiri pampu.

Kipoozeo cha hewa cha minara hakina pampu. Mirija yake ya shaba ina tone la maji ndani, kwenye ombwe. Upande wa prosesa maji yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia upande wenye mapezi ya alumini, unapoa, unakuwa maji tena na kurudi kwa kunyonywa na utambi uliomo ukutani mwa mrija. Hakuna kinachozunguka ila feni, na feni ya milimita 120 inapatikana Tanga, inapatikana Moshi, inapatikana kila mahali penye fundi kompyuta. Ikifa leo, kesho umeibadilisha.

Vilivyoingia kwenye mizani vilikuwa viwili. NH-D15 ya Noctua ya Austria, iliyotoka 2014 na bado inaheshimika, ina kimo cha milimita 165 na ikiwa na feni zake mbili inazidi kilo moja na robo. Na Peerless Assassin 120 SE ya Thermalright, minara miwili, mirija sita, feni mbili za 120, kimo milimita 155, kwa bei ambayo mara nyingi ni theluthi ya ile ya kwanza. Tofauti ya nyuzi kati yao kwa prosesa hii ni ndogo mno kulinganisha na tofauti ya bei. Noctua iko kimya zaidi na inadumu, na mtu mwenye nafasi nisingemzuia. Kwa fungu la kijana huyu, Thermalright ilitosha, na kitako chake cha shaba kimepakwa nikeli, jambo ninalolijali kwa nyumba iliyo karibu na chumvi.

Hapa ndipo kesi na kipoozeo vinaposhikana mikono, na ndiyo sababu sipendi mtu anunue kimoja leo na kingine mwezi ujao. O11 Dynamic ya awali inakubali kipoozeo cha milimita 155, hapohapo. Ungedhani Peerless Assassin inaingia. Lakini RAM za kijana zina taa, na RAM za namna hiyo mara nyingi zina kimo cha karibu milimita 44. Feni ya mbele ya kipoozeo inakaa juu ya RAM, kwa hiyo ni lazima uipandishe milimita kadhaa kwenye vibanio vyake. Zikipanda hizo milimita, kioo cha ubavuni hakifungi. Karatasi inasema 155 kwa 155, mkono unasema hapana. Toleo la EVO lina 167 na lingetatua hilo, ila bei yake ilikuwa juu ya uwezo.

Kikwazo kingine kilikuwa ni mizigo. Kipoozeo kinaingia kwenye sanduku la nguo la msafiri. Kesi haiingii. Kuileta kutoka Muscat kwa ndege kungegharimu karibu sawa na kesi yenyewe, kwa hiyo ilibidi ipatikane Dar es Salaam na isafiri kwa basi kilomita 350 hivi mpaka Tanga. Orodha ikawa fupi ghafla. Kati ya zilizopatikana Kariakoo wiki ile, nyingi zilikuwa zile za kioo kizima. Moja ilikuwa 4000D Airflow ya Corsair, kesi ya 2020, uso wa chuma wenye matundu kutoka juu mpaka chini, chujio mbele, juu na chini, nafasi ya kipoozeo mpaka milimita 170 na ya kadi mpaka 360. Ina kioo ubavuni. Inakuja na feni mbili za 120, moja mbele na moja nyuma.

Nilimshauri aichukue, na nilimwambia kwa nini sikujali kwamba si ya mwaka huu. Chuma chenye matundu hakizeeki.

"Sasa kaka, taa?" aliniuliza. Ni swali la haki. Anarekodi video akiwa amekaa mbele ya kompyuta hiyo na anataka ionekane. Tukakubaliana kuweka mbele feni mbili za milimita 140 zenye taa, rangi ikipita kwenye matundu na kwenye kioo cha ubavu. Feni kubwa inasukuma hewa ileile kwa mizunguko michache, kwa hiyo mama yake wa chumba cha pili naye amezingatiwa. Ile feni ya mbele iliyokuja na kesi tuliitoa na kuihifadhi kama akiba. Nyuma ikabaki moja ya 120. Mbili kubwa zinaingiza, moja ndogo inatoa, na hewa iliyozidi inatokea kwenye matundu ya nyuma. Vumbi linalotaka kuingia kupitia nyufa linakutana na hewa inayotoka. Mbele lipo chujio, na chujio linafutika.

Usinunue feni kwa kusoma namba ya boksi peke yake. NF-A14 ya Noctua, kwa mfano, imeandikwa mita za ujazo 140 kwa saa, na hiyo ni kweli ikiwa hewani, bila kitu mbele yake. Nyuma ya chujio na matundu, kwa kasi ya nusu ambayo mtu anaweza kuivumilia usiku, utapata sehemu tu ya namba hiyo. Ndiyo maana kwenye hesabu yangu nilitumia 80 na 160 kwa kesi nzima.

Mjomba aliombwa jambo moja dukani: apige picha ya boksi la kipoozeo na kuituma kabla ya kulipa, ionekane imeandikwa AM5. Soketi hii inabaki na bamba lake la nyuma, haliondolewi, na vipoozeo vya zamani vinavyokuja na bamba lao wenyewe haviwezi kufungwa. Mjomba alituma picha tatu na ujumbe wa sauti akisoma maandishi yote ya boksi moja baada ya jingine. Mzee anajali.

Kompyuta tuliijenga Tanga, si Dar. Mnara wa kipoozeo kizito ukining'inia kwenye mazabodi ndani ya basi, barabara ikiwa na matuta, ni kuitafutia mazabodi ufa. Ikibidi kusafirisha, kesi ilazwe ubavu ili mazabodi iwe chini kama sakafu, au kipoozeo kifunguliwe kabisa.

Kufunga hakukuwa na shida. Pesti, ile ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa mpaka kwenye kipoozeo, tuliiweka kiasi, kwa sababu kifuniko cha AM5 kina mapengo pembeni na pesti ikizidi inajaa mle, haiharibu ila kusafisha ni kazi. Feni ya mbele ilipanda milimita chache juu ya RAM na kioo kikafunga kwa nafasi.

Baada ya hapo ikaja kazi ambayo wengi huiruka, ya kupanga kasi za feni. Mazabodi kwa kawaida huziamuru feni zote zifuate joto la prosesa. Kwa Ryzen hilo linaudhi, maana joto lake linaruka nyuzi kumi kwa kufungua programu moja, na feni zinavuma na kunyamaza, kuvuma na kunyamaza, usiku kucha. Kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mazabodi, tuliweka ucheleweshaji wa sekunde kadhaa kwa feni za kipoozeo. Feni za kesi tulizihamishia kwenye programu ya bure ya Fan Control, tukaziambia zifuate joto la kadi, kwa kuwa kwenye gemu kadi ndiyo inayojaza kesi joto. Mabadiliko haya hayagharimu senti, na kijana mwenyewe alisema ndiyo aliyoyasikia zaidi.

Kisha Eco Mode. Kwenye BIOS unaweza kuiambia 7700X ijifanye prosesa ya wati 65, na hapo kikomo chake kinashuka kutoka wati 142 mpaka 88. Kwenye gemu huoni kilichopotea. Kwenye kurenda unapoteza kidogo tu, kwa sababu zile wati za juu kabisa zinatumika kununua megahezi chache za mwisho, ghali. Nilimwonyesha kwa video yake mwenyewe. Chumba kikiwa na nyuzi 31, bila Eco, prosesa iligusa 95 ikakaa hapo, kama AMD walivyoiumba. Kwa Eco ilikaa kwenye sabini na kitu, na feni zikawa za kunong'ona. Aliamua kuiacha Eco msimu wa kaskazi na kuifungulia wati zake kusi ikianza kuvuma. Naona ni uamuzi mzuri kuliko nilioufikiria mimi, wa kuiacha mwaka mzima.

Kwenye gemu, usiku wa Februari, chumba 32 kwa kipimajoto cha ukutani, kadi ilicheza karibu na nyuzi 70 na prosesa chini kidogo ya 75, kwa usomaji wa programu ya HWiNFO. Kwa chumba kile, namba hizo zinaniridhisha kabisa.

Mama yake aliniuliza kama mashine inayotoa hewa ya moto namna ile haiwezi kuunguza nyumba. Nilimjibu kwa heshima kwamba ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inatumia kama wati 400, chini ya nusu ya pasi ya umeme ya kawaida, na kwamba prosesa na kadi hujipunguza kasi zenyewe, na ikizidi sana hujizima. Lakini alikuwa amegusa jambo la kweli. Wati 325 zinazotoka kwenye kesi zinaingia chumbani na zinabaki chumbani dirisha likifungwa. Baada ya saa mbili za gemu, chumba kimepanda, na kila nyuzi inayopanda chumbani inapanda ndani ya kesi vilevile. Kesi ilihamishwa kutoka kona ya kitanda mpaka karibu na dirisha, mgongo wake ukielekea dirishani, juu ya meza ndogo badala ya sakafu. Fundi wa mtaani aliweka nondo dirishani, na sasa linaweza kukaa wazi usiku. Kati ya fedha zote zilizotumika, hizo za nondo zinaweza kuwa ndizo zilizoipoza kompyuta kwa bei nafuu zaidi.

Akija kuweka kiyoyozi, kama anavyopanga, sehemu ya haya itabadilika. Eco haitahitajika, na ataweza kuirudisha ile feni ya akiba kwa juu ikitoa hewa, maana dirisha litakuwa limefungwa na vumbi limepungua. Kitu cha kuangalia wakati huo ni unyevu. Kompyuta iliyozimwa ikapoa usiku mzima kwenye chumba baridi, asubuhi ukafungua madirisha na hewa ya bahari ikaingia, chuma baridi kinaweza kushika umande. Aiache dakika kadhaa kabla ya kuiwasha.

Chujio la mbele analitoa na kulifuta kila wiki mbili msimu wa kaskazi, kwa brashi kavu, kamwe si kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa vumbi lenye chumvi likilowa linaganda kwenye matundu. Mapezi ya kipoozeo yanapulizwa mara chache zaidi, feni zikiwa zimeshikwa kwa kidole zisizunguke. Pesa iliyobaki baada ya kuacha rejeta ya 360 ilinunua diski ya pili ya SSD ya terabaiti 2 kwa ajili ya harusi za msimu, nayo imefungwa kwenye mazabodi, chini ya kadi, mahali ambapo feni ya chini ya mbele inapeleka hewa yake moja kwa moja.